Siku Shahla Alipoikata Sabuni ya Bibi Badia

Ukoo wetu wote hapa Aleppo ulikuwa unaongozwa na mwanamke aliyeko kaburini. Sitanii. Bibi Badia alikuwa ameshakufa zamani, mifupa imekuwa vumbi, lakini hakuna mtu aliyethubutu kuhamisha hata kuni za jikoni bila kuuliza kwanza, "Bibi alisemaje?"

Ilikuwa hivi. Badia alikuwa mjane, tajiri, na mnene. Hapana, mnene haitoshi. Akipanda punda, punda anageuza shingo kuangalia nani mwingine kapanda. Alikuwa na karakana ya sabuni karibu na Lango la Kinnasrin, jengo la mawe, sakafu pana kama ua wa msikiti. Na enzi zile liwali akiletwa kutoka Istanbul anajua kabisa hakai sana, kwa hiyo anakula haraka haraka. Mfanyabiashara akifa, kahawa ya matanga haijapoa, askari wako mlangoni. Kitakachobaki wagawane warithi: wewe nusu ya sufuria, yule robo ya mlango, huyu kipande cha jiko. Utapikaje sabuni kwenye nusu ya sufuria? Karakana zilikuwa zinazikwa pamoja na wenyewe, yaani.

Badia akasema mimi hapana. Akaenda kwa kadhi, akaifanya karakana kuwa wakfu. Imeshakuwa ya Mungu. Haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi, na liwali akiinyooshea mkono mji mzima utamzomea. Sabuni ya hamamu, bafu la mtaa, bure, ya kuoshea maiti wa maskini bure, na faida inayobaki inawalisha watoto wake na watoto wa watoto wake mpaka dunia iishe. Umeona akili hiyo?

Sasa wakfu lazima uwe na msimamizi. Na kama kuna watu Badia alikuwa hawapendi, ni wasimamizi wa kukaa juu ya mto wa pamba, wanavuta shisha na kupokea. Ndipo akaweka sharti lake, kadhi akaliandika, na kwetu kila mtoto alilijua kabla hajajua kuhesabu: msimamizi atakuwa mwanamke wa kizazi changu, atasimama juu ya ubao wa visu, ataikata sabuni kwa uzito wake mwenyewe mpaka chini, bila jiwe la kuongezea uzito, bila mtu wa pili. Asipopatikana, kadhi ateue mtu wa nje.

Ule ubao mnaujua. Sabuni ikiiva inamwagwa sakafuni, kijani kibichi, inasambaa kama ziwa. Ikiganda kiasi, ubao wenye visu chini unapitishwa juu yake: wanaume wanavuta kamba mbele, mtu mmoja amesimama juu ya ubao kuukandamiza ili visu vizame. Badia alikuwa anasimama mwenyewe, na visu vinaingia kama kwenye samli.

Basi ukoo wetu ukalielewa sharti kwa namna moja tu: msimamizi lazima awe mnene. Wakaanzisha desturi ya kulisha. Kila kizazi wanachagua binti, wanamkalisha, wanamjaza mkia wa kondoo, kibe za kukaanga, kunafa inayoogelea kwenye samli. Majirani walikuwa wanatuonea wivu. Kuna binti alikataa posa ya tajiri wa Damasko kwa sababu kwao wanakula dengu.

Mambo yalikwenda hivyo hivyo mpaka kwa shangazi Fattum. Msimamizi mzuri sana, mama wa vicheko, akipita sokoni wenye mizani wanashtuka. Ila goti lake likagoma. Majira ya baridi yale akasema basi, mimi ubaoni sipandi tena, atafutwe mwingine. Wakaangalia kizazi kinachofuata: wavulana watupu. Wavulana, wavulana, halafu pembeni kabisa, Shahla.

Shahla alikuwa mwembamba kama utambi wa taa.

Wakamlisha. Jamani walimlisha! Shangazi Fattum alikaa mbele yake na kijiko kama mtu anayepakia ngamia.

"Fungua mdomo."

"Shangazi, nimeshiba toka jana."

"Kushiba ni habari za watu wa kawaida. Wewe ni mtumishi wa wakfu. Meza."

"Nikimeza hii natapika."

"Ukitapika tunaanza upya. Bakri! Lete ile kebabu ya cheri!"

Bakri alikuwa binamu wa Shahla, ndiye kiongozi wa wavuta kamba, jitu la mabega na huruma kidogo sana. Akaleta sinia huku anacheka. "Dada, sisi huko karakanani tumeshaanza kubahatisha. Wengine wanasema utafika uzito wa mbuzi kabla ya Ramadhani. Mimi nimekutetea, nimesema kuku."

"Bakri, mabega yako yangekuwa akili ungekuwa waziri."

"Ongea ongea, ndiyo maana hunenepi. Chakula chote kinaishia kwenye ulimi."

Na kweli hakunenepa. Alikula vya watu wazima wawili akabaki vile vile, mashavu tu ndiyo yaling'aa kidogo kwa mafuta. Shangazi Fattum akawa anampima kwa macho kila asubuhi, anapumua, anamalizia mwenyewe kile kilichobaki kwenye sinia.

Wakati huo huo mtu mmoja akaanza kuja karakanani kila baada ya sala ya alasiri. Durmish Agha, mtu wa liwali. Kilemba kirefu, viatu vyekundu vya ngozi laini. Hasemi kitu, anazunguka tu. Anagonga sufuria kwa kidole, anasikiliza mlio. Anapima madirisha kwa shubiri. Siku moja Bakri akamuuliza, "Agha, umepoteza kitu?"

"Hapana, ndugu yangu. Nimekipata."

Kila mtu akaelewa. Shahla akishindwa, kadhi atalazimika kuteua mtu wa nje, na mtu wa nje alikuwa ameshajileta, ana barua ya liwali mfukoni. Wakfu hauuzwi, sawa. Lakini msimamizi ndiye anayenunua mafuta ya zeituni, ndiye anayeajiri, ndiye anayefunga mahesabu. Mpe mtu kama yule msimu mmoja uone kama hamamu itapata hata povu. Na sisi ukoo mzima tungekuwa tunasimama mlangoni kwetu wenyewe tukiomba.

Shahla akasema siwezi kukaa nangoja kunenepa. Akajifunga shela, akaenda mahakamani.

Kadhi wetu alikuwa Nuh Efendi, mzee mwenye ndevu safi, aliyekuwa anapenda watu wenye hoja na hapendi wenye kelele. Siku ile alipata vyote viwili.

"Maulana," Shahla akasema, "nimekuja kuomba sharti la bibi yetu libadilishwe."

"Libadilishwe liwe nini, binti yangu?"

"Tuchague wenyewe. Ukoo na mafundi tukae, tuseme tunamtaka fulani. Mimi nimekulia pale, najua sabuni kwa harufu. Kila mtu pale ananitaka."

"Nakuamini."

"Basi andika."

"Siwezi. Neno la mwenye kuweka wakfu ni kama andiko la sheria. Halipigiwi kura. Wakfu si nyumba ya kahawa."

Shahla akakaa chini bila kuambiwa. "Kwa hiyo Bibi Badia aliyekufa ana sauti, na mimi niliye hai sina?"

"Ndivyo hivyo hasa."

"Na unaona sawa?"

Nuh Efendi akavua miwani, akaifuta polepole. "Sikiliza. Liwali amenitumia watu mara ngapi kunibembeleza niufungue wakfu huu na ule? Najibu moja tu: sina ruhusa, mwenyewe amekufa, neno lake limekufa naye, halibadiliki. Anaondoka na hasira, lakini anaondoka. Huo mlango uliokufungia wewe ndio uliomfungia yeye. Nikikufungulia wewe leo kwa sababu una akili na kila mtu anakupenda, kesho yeye atapita pale pale, na hana akili wala hapendwi."

Shahla akajua mzee anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma.

"Sasa nifanyeje?"

"Kakate sabuni," kadhi akasema. Halafu kwa sauti ya chini, "Na ule chakula kidogo, mwanangu, unatisha."

Siku ya kukata ikafika. Natamani kungekuwa na mtu wa kurekodi, wallahi. Karakana ilijaa mpaka ngazini. Wanawake wa ukoo upande mmoja, mafundi upande mwingine, watu wa hamamu, majirani, wauza simsim, kila mwenye miguu. Kadhi alikaa kwenye kiti kando ya sakafu, karani wake chini yake na wino na daftari la mahakama. Durmish Agha alisimama mbele kabisa na viatu vyake vyekundu. Na sabuni imelala pale, kijani, imetulia, inanukia zeituni, inazidi kukauka kila unapopumua. Hapo ndipo penye ubaya: ikikauka sana hakuna kisu kinachoingia, iwe ni Shahla au Badia mwenyewe na punda wake.

Shahla akatoka amefunga suruali vizuri kifundoni, kitambaa kichwani kimekazwa, vibao vya kutembelea juu ya sabuni miguuni. Akapanda ubao, akashika kamba yake. Akamwangalia Bakri.

"Bismillahi. Vuta."

Wakavuta. Ubao ukateleza kutoka ukuta huu mpaka ule, laini, vizuri, kama mtu anapelekwa harusini. Kila mtu akainama kuangalia.

Mikwaruzo. Mistari mistari tu juu juu, kama paka kapita.

Shangazi Fattum akafunika uso na viganja. Bakri akasema taratibu, "Rudi, tujaribu tena," wakageuza, wakavuta tena. Mikwaruzo ikawa miwili.

Durmish Agha akacheka. Si kicheko kikubwa, kile cha puani. "Bwana kadhi, nadhani tumeona. Huyu bibie hata akimkalia nzi, nzi hasikii. Wamshushe kabla upepo haujamchukua, mimi niagize mafundi wangu."

"Mafundi wako!" Shahla akafoka.

"Wangu, bibie. Na hao wako tutaona kama wanajua kufagia."

Shahla alikuwa na hasira za kwao, zile za kutoka miguuni. Akasahau amesimama wapi. Akanyanyua mguu, akapiga chini kwa nguvu zake zote. "Wewe utatoka humu..."

*Chwap.*

Sauti ndogo tu. Ya kisu kinachozama.

Shahla akaangalia chini. Upande ule aliopiga, visu vimepotea. Vimeingia mpaka kwenye ubao. Akapiga mguu wa pili, polepole kwanza, kisha kwa nguvu. *Chwap.* Upande wa pili nao ukashuka. Akanyanyua uso, na mashavu yale yaliyokula mkia wa kondoo bure yakaanza kupanda mpaka kwenye macho.

"Bakri," akasema. "Vuta. Lakini vuta nikipiga."

"Nitajuaje unapiga saa ngapi?"

"Una masikio ya kazi gani?"

Akapiga, Bakri akavuta. Akapiga, wakavuta, wengine mapema, wengine kwa kuchelewa, ubao ukaruka kama punda aliyeng'atwa, Shahla akayumba mikono juu, watu wote "Yaaaa!", akajishika kwenye kamba, akasimama. Ikabidi wapatane mwendo, na hawaupati. Huyu anavuta, yule amelegeza, Bakri anawatukana wote kwa mpigo.

Hapo shangazi Fattum akaondoa viganja usoni. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akamnyang'anya mama mmoja dufu alilolileta kwa ajili ya sherehe. Akakaa chini juu ya gunia, goti lake bovu amelinyoosha mbele, akapiga.

Dum. Dum-taka-dum.

Shahla akashika. Mguu wa kulia kwenye dum, wa kushoto kwenye dum, na kati hapo wavutaji wanavuta wakiitikia wito wao wa kazi. Dum, *chwap*, hela hop! Dum, *chwap*, hela hop! Ubao ukaanza kutembea. Wanawake wakaingia na makofi. Mafundi, wale wazee wenye mikono iliyochubuka kwa magadi, wakaanza kupiga vibao vyao vya miguu ukutani. Vigelegele vikapanda juu mpaka njiwa wa paani wakaondoka. Na Shahla yuko pale juu, mwembamba vile vile, anakanyaga kama anaua nyoka, anacheka, jasho linamtiririka, na nyuma yake sabuni inafunguka mpaka chini, mpaka unaliona jiwe la sakafu.

Maana yake umeiona? Shahla ndiye aliyeambiwa mahakamani kwamba ukoo hauna kura. Kulikuwa na mtu pale asiyetoa sauti yake?

"Bwana kadhi!" Durmish Agha alikuwa anapiga kelele lakini dufu lilimmeza. "Bwana kadhi! Mwanamke anacheza ngoma mbele yako!"

Nuh Efendi akatega sikio. "Nini?"

"Anacheza ngoma!"

"Mimi naona mtu anafanya kazi."

"Sharti linasema uzito wake mwenyewe!"

"Kwani huo unaoshuka ni wa nani? Umemwona ameazima?"

"Lakini anaruka!"

"Akiruka anarudi, Agha. Hicho ndicho ninachokiangalia mimi. Akiruka asirudi, hapo tutakuwa na kesi nyingine."

Watu waliosikia wakamwambia aliye nyuma, aliye nyuma akamwambia wa ngazini, kicheko kikapita karakana nzima kama maji. Durmish Agha akakasirika, akasema ataenda kuangalia kwa macho yake kama visu vimefika chini. Akaweka kiatu chake chekundu juu ya sabuni. Kiatu kile, laini vile, bila kibao.

Mimi sisemi kitu. Ninachosema ni kwamba alikwenda mbali kuliko ubao, na hakuna aliyemvuta kamba. Mikono mbele, kilemba nyuma, akapita mbele ya mafundi, akapita mbele ya wauza simsim, akafika ukutani amekaa. Shangazi Fattum hakukosa hata pigo moja.

Walipomaliza mistari ya urefu wakageuza, wakakata ya upana, na sabuni ikalala pale imegawanyika vipande vipande. Vimepinda, ukweli lazima usemwe. Kwa sababu ya mruko, kila mstari ulikuwa na mawimbi. Bakri akaokota kimoja akakigeuza geuza.

"Hiki kinafanana na pua yako, dada."

"Kitanukia vizuri kuliko wewe."

Nuh Efendi akavaa vibao, mafundi wawili wakamshika mikono, akatembea juu ya sabuni kama mtoto anayejifunza. Akainama kwenye mkato wa kwanza, akaingiza kidole. Akaingiza kwenye wa katikati. Akaenda mpaka pembeni kabisa. Kila mahali kidole kiligusa jiwe. Akanyanyuka, kidole kikiwa kijani.

"Imekatwa," akasema. "Bila jiwe, bila mtu wa pili. Msimamizi wa wakfu wa Badia ni Shahla."

Zile kelele sitaziandika, hazina herufi. Bakri alimshusha Shahla ubaoni akamzungusha hewani, halafu akasema kwa sauti ya kushangaa kweli, "Lo, kumbe huna uzito kabisa!"

Karani akachovya kalamu. Na hapo, unajua watu wetu, raha ikawazidi. Kila mmoja akataka iandikwe.

"Andika kwamba alipiga mguu wa kulia kwanza!"

"Andika dufu! Lazima liwe dufu!"

"Andika wimbo, karani, wimbo ulikuwa huu..."

"Andika kwamba mpiga dufu alikuwa Fattum, na baada yake wapige wanawe!"

"Andika awe mwembamba!" mzee mmoja wa ukoo akapaza sauti, amejaa baraka. "Kuanzia leo msimamizi awe mwembamba!"

Karani alikuwa mtu mtiifu. Alikuwa ameshaandika bismillahi na tarehe, na kalamu ilikuwa inashuka kuanza mguu wa kulia.

"Usiandike!"

Shahla alikuja anakimbia juu ya sabuni, anateleza, anajishika kwa mtu huyu na yule, akaanguka magoti mbele ya karani na kuweka kiganja chake juu ya daftari. Wino ukagusa vidole vyake.

"Mwanangu," shangazi Fattum akasema, "ni heshima yako hiyo."

"Shangazi, ulilishwa miaka mingapi?"

Fattum akalishika goti lake bovu.

"Atakuja binti wa kwetu," Shahla akasema, bado anahema, "hajazaliwa hata mama yake. Pengine hatapenda dufu. Pengine atakuwa mnene Mungu ambariki. Pengine atatengeneza ubao mwingine kabisa ambao sisi hatuna akili ya kuuwaza. Mkiandika hivi, watamwambia, Bibi Shahla alisemaje? Na watamchezesha kwa nguvu, na goti lake bovu."

Akamgeukia kadhi. "Maulana. Neno la Bibi Badia ulisema huwezi kuligusa, sawa, sijaligusa. Lakini la kwangu je? Naruhusiwa kutoliweka?"

Watu wote wakanyoosha shingo kusikiliza, hata Durmish Agha pale ukutani alikokuwa anakwangua sabuni kwenye joho lake.

"Kutoweka sharti," kadhi akasema, "sijawahi kuombwa na mtu." Tabasamu likaanza kwenye ndevu. "Karani."

"Bwana."

"Andika: imekatika."

"Imekatika vipi, bwana?"

"Mpaka chini."

Karani akaandika hivyo tu, bila mguu wala dufu, akapuliza wino ukauke, akafunga daftari. Shahla akaondoa mkono. Shangazi Fattum akavuta pumzi, akauliza kama kuna mtu amebakiza kebabu, na dufu likaanza tena.